Saa nane ya nani? Amu, bahari, na akili inayochanganya mahali na wakati

Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki kwa ujumbe wa simu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: jina, namba ya simu, tarehe, saa. Siku moja kabla, seva inatuma ujumbe. Nilijivunia kwamba ujumbe wangu ulikuwa wa Kiswahili, si wa Kiingereza. Nikaujaribu nikiwa Nairobi, kila kitu kikaenda sawa, nikalala usingizi mzuri.

Mmoja wa waliopokea ujumbe ule alikuwa mzee wa kisiwa cha Pate, nahodha aliyekwisha kustaafu. Kliniki ilikuwa Amu mjini. Kwenye hifadhidata miadi yake ilikuwa imeandikwa 08:00. Programu yangu ikaiandika "kesho saa 8:00". Mzee akasoma kama alivyosoma maisha yake yote: saa nane. Akapanga safari, akapanda mashua, akafika saa nane mchana, kanzu imenyooka, cheti mkononi. Daktari alikuwa ameshaondoka. Dawa zake za presha zilikuwa zimebaki za siku mbili, na siku nyingine ya kliniki ilikuwa baada ya wiki mbili.

Nilipopata habari niliomba nizungumze naye kwa simu. Nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi. Hakunifokea. Alisema: "Mwanangu, ujumbe umesema saa nane. Nami saa nane nilikuwapo. Wewe ulikuwa wapi?"

Dawa zilipelekwa kwa mashua kesho yake, alhamdulillahi. Kosa nililirekebisha kwa mstari mmoja wa programu: toa sita. Lakini lile swali lilibaki nami. Tulikuwa tunazungumza habari za wakati, na yeye akaniuliza habari za mahali. Mwanzoni nilidhani ni mzaha wa wazee. Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya saa, ya bahari na ya ubongo, nikaona kwamba swali lake lilikuwa sahihi kuliko programu yangu. Ndiyo mada ya leo.

Saa inayohesabiwa kwa jua

Tuanze na lile "toa sita". Wageni husema Waswahili wamegeuza saa. Ukiangalia ramani utaona hakuna kilichogeuzwa. Amu iko kama nyuzi 2 na robo kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki nusu saa. London mchana wa Desemba hauzidi saa 8, na ule wa Juni unapita saa 16. Mtu wa London hawezi kuanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, maana jua lake halina msimamo. Afadhali ahesabu kutoka katikati ya usiku. Mtu wa Amu ana jua linalotimiza ahadi kila siku. Saa moja baada ya kuchomoza ni saa moja. Kuna haja gani ya kuiita saba?

Wahabeshi nao huhesabu hivyohivyo, na hata lile faili la kanda za saa ambalo karibu kompyuta zote duniani hulitumia lina maelezo yanayotaja jambo hili, la Wahabeshi na la wasemaji wa Kiswahili. Faili lenyewe nitalirudia hapo chini.

Sasa angalia jinsi watu wetu walivyoishi na saa za Kizungu za mishale. Saa ya ukutani inaonyesha 8. Msomaji Mswahili hatoi sita kichwani. Anatazama upande wa pili wa uso wa saa, mkabala na mshale mfupi, anaona 2, anasema saa mbili. Hesabu ya wakati imegeuka kuwa jambo la mahali: tazama ng'ambo. Watoto walijifunza hivyo bila kufundishwa hesabu ya kutoa. Saa ya tarakimu ilipokuja, ile ya kwenye simu, ng'ambo ikapotea. Tarakimu 08:00 haina upande wa pili. Programu yangu ilizaliwa katika dunia hiyo isiyo na ng'ambo.

Siku nayo, kwa hesabu ya pwani, huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita bado Alhamisi. Neno magharibi tunalitumia kwa mambo mawili, upande jua linakotua na muda linapotua. Mtu akikwambia "tukutane magharibi", hujui kama ametaja pembe ya dunia au kipindi cha siku mpaka umsikilize mpaka mwisho.

Na kwa wale wanaopenda makosa ya kuhesabu orodha, hili hapa la bure. Wiki yetu huanza Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Tukifika Jumatano tumefika ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana, na tumeishi nazo kwa karne nyingi bila mfumo kuanguka.

Upepo ambao ni upande na ni majira

Haya, twende baharini, maana huko ndiko nahodha wangu alikosomea.

Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba mpaka Machi. Kusi unavuma kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei kwa miezi kadhaa. Ongeza -ni na unapata kaskazini na kusini. Maana yake majina yetu ya pande mbili kuu za dunia yametokana na majina ya pepo, na pepo hizo ni majira ya mwaka. Mtoto wa darasa la pili akionyesha kaskazini kwenye ramani anataja, bila kujua, miezi ambayo majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuwa yakiingia Amu na tende, na mazulia. Kusi ndiyo ilikuwa ruhusa ya kurudi, jahazi limejaa boriti za mikoko.

Kwa baharia, hii haikuwa lugha ya mapambo. Umbali wa kwenda mahali ulitegemea tarehe. Mfano mzuri uko karibu na Amu, Malindi. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiongozwa na rubani aliyempata hapohapo, aliyeijua kusi. Waliiona India baada ya wiki tatu na siku chache. Kurudi, Mreno hakungoja upepo ugeuke. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, na Malindi akafika tarehe 7 Januari 1499, yaani miezi mitatu. Mabaharia wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa kiseyeye. Bahari ileile, maili zilezile. Kwenye ramani ya Ulaya umbali haukubadilika. Katika akili ya rubani wa Malindi, India ya Aprili na India ya Oktoba zilikuwa sehemu mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana mabaharia wa Bahari Hindi walipima njia kwa kipimo kilichoitwa zam. Zam moja ni mwendo wa chombo kwa saa tatu, zam nane ni usiku na mchana. Ahmad ibn Majid, mwanabahari wa Julfar aliyeandika karne ya 15, pia kuhusu njia za pwani yetu mpaka Sofala, alitaja umbali wa bandari na bandari kwa zam. Neno hilo unalijua. Ni zamu, ileile unayoingia kazini. Kwetu limebaki na maana ya wakati tu, na umbali umedondoka. Hata hivyo hatujaacha tabia yenyewe: mtu akikuuliza Shela iko mbali gani na Amu mjini, hutamwambia ni kilomita tatu na ushei. Utamwambia ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu.

Usiku walipima mahali kwa nyota. Walikuwa na kibao kidogo kilichofungwa kamba yenye mafundo. Fundo unalishika kwa meno, kibao unakinyoosha mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Fundo gani limekaa? Basi ujue uko bandari gani kwenda juu au chini ya pwani. Nyota ya Kaskazini waliiita Jah. Lakini ukiteremka huku kwetu Jah inakaribia maji na kuzama, huwezi kuitegemea. Kwa hiyo walihamia nyota nyingine zinazoizunguka, zikiwemo zile mbili ziitwazo Farkadani. Nyota hizo huzunguka usiku kucha na hubadilika kwa majira, hivyo huwezi kuzipima kwa usahihi bila kujua ni saa ngapi ya usiku na ni wakati gani wa mwaka. Ili ujue uko wapi, lazima ujue ni lini.

Na kinyume chake. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, jina lake linatokana na kulima. Mkulima akikitazama kilipo angani anajua kama muda wa jembe umefika. Ili ajue ni lini, anatazama wapi.

Kalenda mbili kichwani

Hapa programu nyingi za leo zingelia. Nahodha alihitaji kalenda mbili kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo. Hiyo ni ya ibada, na pia ni ya maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo yanapokuja maji makubwa ya bamvua. Katikati yake ni maji mafu. Ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi, umeshajua maji yatajaa saa ngapi. Hili si jambo la vitabuni. Vyombo vinavyotoka Amu kwenda Pate hupita mkondo wa Mkanda, nyuma ya kisiwa cha Manda, na Mkanda maji yakipwa chombo kinakwama. Mashua haiondoki saa mbili kwa sababu ratiba imesema saa mbili. Inaondoka maji yanaporuhusu.

Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo huwezi kuutumia kungojea kaskazi. Ramadhani ya mwaka huu ikiwa ndani ya kaskazi, baada ya miaka 16 au 17 itakuwa ndani ya kusi. Ndipo inapokuja ya pili, ya siku 365, inayoanza Nairuzi, siku ya mwaka. Mabaharia na wakulima waliigawa katika miongo: siku kumi kumi, mara 36, halafu zinabaki tano za kufungia mwaka. Mtu hakusema "katikati ya Agosti". Alihesabu miongo tangu Nairuzi, na kwa hesabu hiyo alijua lini bahari inafungwa na lini inafunguka. Hata hiyo ina kasoro, maana haina siku ya ziada ya kila mwaka wa nne, hivyo inateleza siku moja kila miaka minne. Katika umri wa baharia mmoja ni siku kama kumi, yaani mwongo mmoja. Unaweza kuzoea.

Nikiitazama kama mtengenezaji wa programu, naona hapa ubunifu safi: mwezi kwa maji, jua kwa upepo, nyota kwa mahali, na zamu ya kuziunganisha. Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kilichokuwa cha wakati peke yake au cha mahali peke yake.

Serikali na saa zake

Mwaka 1884 mataifa yalikutana Washington, yakakubaliana kwamba Greenwich iwe sifuri ya longitudo. Tangu hapo dunia ikaanza kugawanywa katika kanda za saa. Mantiki yake ni rahisi: jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, uzi mmoja kwa dakika nne. Nairobi iko karibu nyuzi 36.8 mashariki, Amu karibu 40.9. Kwa hiyo jua linafika utosini Amu dakika 16 kabla ya kufika Nairobi.

Sasa lile faili. Lilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na kwa miaka mingi sasa mtunzaji wake mkuu ni Paul Eggert. Kila simu ikijua ni saa ngapi Nairobi, imeuliza hapo. Lifungue, tafuta Africa/Nairobi, utaona historia ya Kenya katika mistari sita. Kwanza saa ya jua ya Nairobi yenyewe: saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Mei 1908 ikawa saa 2 na nusu. Mwishoni mwa Juni 1928 ikawa saa 3. Januari 1930 ikarudishwa saa 2 na nusu. Mwaka 1937 ulipoanza ikawa saa 2 na dakika 45. Mwanzoni mwa Agosti 1942 ikawa saa 3, na ndiyo tuliyonayo mpaka leo.

Nilipoona ile 2:45 nikachukua kikokotozi. Saa 2 na dakika 45 ni jua la nyuzi 41 na robo mashariki. Amu ni 40.9. Tofauti haifiki dakika mbili. Yaani kati ya 1937 na 1942, kwa bahati tu na bila mtu yeyote kukusudia, saa rasmi ya koloni zima la Kenya ilikuwa karibu sawa na jua la Amu. Mzee aliyekuwa anasimamisha kijiti uani kupima adhuhuri, na karani wa serikali mwenye saa ya mfukoni, kwa wastani waliafikiana kwa miaka mitano na nusu.

Halafu ikaisha. Saa 3 ni jua la nyuzi 45, ambayo ni bahari tupu mashariki ya Amu. Leo jua likiwa utosini Amu, kwa wastani simu inasema 12:16, na Nairobi inasema 12:33. Simu zetu zote zinaishi kwa jua la mahali ambapo hakuna Mkenya anayekaa. Sisemi ni vibaya. Reli, simu ya upepo na ndege zinahitaji saa moja. Ila tusidanganyane kwamba saa ya serikali ndiyo wakati wenyewe. Ni makubaliano, yamebadilishwa mara tano katika miaka 34, na wakati wenyewe ulitenganishwa na mahali kwa amri.

Ubongo unasemaje?

Ndani ya kichwa, karibu na masikio, kila upande kuna kiungo kidogo kilichopinda, kinaitwa hipokampasi. Jina hilo la Kigiriki ni la yule samaki mdogo aitwaye farasi wa bahari, kwa sababu wapasuaji wa zamani waliona vinafanana. Mwaka 1971, John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky wa London walieleza jambo waliloliona kwa panya: ziko seli katika hipokampasi zinazowaka panya akiwa sehemu moja tu ya chumba. Akihama, inawaka nyingine. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser na wenzao, huko Norway, wakaonyesha seli nyingine jirani zinazowaka kwa mpangilio wa pembe sita, kama vigae vya sakafuni, zikimpimia panya umbali. O'Keefe na akina Moser walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Watu wakasema tumepata ramani ya kichwani.

Lakini hipokampasi ilikuwa na siri ya pili. Tangu miaka ya 1950 madaktari walijua kuwa mtu akiondolewa sehemu hiyo hawezi kushika kumbukumbu mpya za maisha yake: nani alikuja, lini, kabla ya nini. Ramani ya mahali na kumbukumbu ya siku zinatafuta nini nyumba moja? Mwaka 2011 kundi la Howard Eichenbaum wa Boston lilionyesha kwamba panya akiwa anangojea kitu, seli za hipokampasi zinawaka moja baada ya nyingine, kila moja na wakati wake, kama waadhini wanaopokezana. Wakaziita seli za wakati.

Mwaka 2013 wakafanya jaribio ambalo nahodha wangu angelielewa haraka kuliko mimi. Walimweka panya akimbie juu ya mkanda unaozunguka, hivyo miguu inakwenda lakini mwili uko palepale. Wakabadilisha kasi ili watenganishe umbali na muda. Seli inahesabu hatua au inahesabu sekunde? Jibu: baadhi zilifuata muda zaidi, baadhi umbali zaidi, na nyingi zilibeba vyote viwili. Kwa maneno mengine, panya anapima kwa zamu.

Kwa binadamu nako kuna dalili. Mwaka 2008 Daniel Casasanto na Lera Boroditsky waliwaonyesha watu mistari inayorefuka kwenye kompyuta, kisha wakawauliza ilikaa kwa muda gani. Mstari mrefu watu waliona umekaa zaidi, hata kama muda ulikuwa uleule. Na mwaka 2010 Boroditsky na Alice Gaby waliripoti habari za wenyeji wa Pormpuraaw, Australia, ambao hutaja pande za dunia hata wanapozungumzia vitu vya mezani. Wakipewa picha za mtu tangu utoto mpaka uzee wazipange, wanazipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, popote walipoelekea. Wakati wao unafuata jua.

Nasi je? Hatuhitaji maabara kuona lugha yetu inavyofanya. Sema "alipo", ni mahali. Sema "alipofika", ni wakati. Ni -po- ileile. "Hapo mlangoni" na "hapo zamani" ni hapo ileile. "Papo hapo" ni mahali na ni mara moja. Sitaki kutia chumvi: lugha si ubongo, panya si nahodha, na lugha nyingine nyingi huazima maneno ya mahali kuelezea wakati. Lakini mzee aliposema "nami saa nane nilikuwapo", ile -po ya mwisho ilikuwa na maana zote mbili, na swali lake "ulikuwa wapi?" lilifuata kanuni za sarufi na za bahari kwa pamoja. Mimi ndiye niliyetenganisha vitu ambavyo kichwa cha binadamu hakivitenganishi.

Zamu imerudi

Utaniambia, haya ni ya kale, sasa kuna GPS. Basi angalia GPS inavyofanya kazi. Setilaiti haikupimii umbali. Inakutumia saa yake na habari za mahali ilipo. Simu inalinganisha saa za setilaiti kadhaa, inaona kila ishara imechelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko inajua iko wapi. Nuru inakwenda sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo kosa dogo la saa ni kosa kubwa la mahali. Na mita yenyewe haipimwi tena kwa kipande cha chuma kilichofungiwa Ufaransa. Tangu 1983 mita ni njia ambayo nuru inakwenda katika sekunde moja iliyogawanywa mara 299,792,458. Wanasayansi wa dunia walikaa, wakakubaliana kwamba njia bora ya kupima mahali ni kwa wakati. Ibn Majid asingeshangaa.

Ila kuna tofauti. GPS inafanya hesabu kimya, na sisi hatujifunzi chochote. Nimetembea Amu na simu mkononi, ndani ya vichochoro vya Mkomani ambapo kuta za mawe zinaficha anga, na ile nukta ya buluu ikaruka juu ya mapaa kama kunguru. Mtoto mmoja aliyekuwa na punda akanionyesha: fuata mteremko, maji ya mvua yanakokwenda ndiko baharini, na baharini ni mashariki. Mji wote ni dira, ukijua kuusoma. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, waliokariri maelfu ya mitaa, hipokampasi yao upande wa nyuma ni kubwa kuliko ya watu wengine. Akili inajengwa na inachotumiwa. Manahodha waliobeba kalenda mbili, pepo mbili na nyota kichwani wanazidi kupungua, na Amu kuna bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, kwa meli zinazoongozwa na setilaiti. Mzee mmoja akiondoka, hakuna nakala iliyobaki kwenye seva.

Programu yangu bado inafanya kazi. Ile "toa sita" niliibadilisha tena, kwa sababu vijana wengine walikuwa wanasoma tarakimu kwa Kizungu na wazee kwa Kiswahili, kwa hiyo tarakimu zenyewe ndizo zilizokuwa tatizo. Sasa ujumbe unaandika kwa maneno: "saa mbili asubuhi". Na kwa wagonjwa wanaovuka Mkanda, nimeweka jedwali la maji. Kama saa mbili asubuhi maji yatakuwa yamepwa, programu inamwambia karani ampangie mgonjwa siku nyingine.

Jedwali hilo nililikagua kwa simu na yule mzee. Nilimsomea siku kumi za mbele, yeye akawa ananisahihisha bila kutazama popote. Katika zile kumi, nilikuwa nimekosea moja.